Mwezi Mzima Katika Sindano Moja: Polima Zinazovunjika Mwilini na Kazi Iliyobaki Mikononi Mwetu

Hotuba hii ilitolewa Mtwara mjini mbele ya wafamasia, matabibu, wauguzi na wanafunzi wa vyuo vya afya kutoka Mtwara na Lindi. Tunaiweka yote hapa kwa ajili ya wenzetu walioshindwa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa mwenyekiti, waganga wafawidhi mliofika, wafamasia wenzangu, mama zangu na dada zangu wauguzi, wadogo zangu wanafunzi: asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Poleni na safari, hasa ninyi mliotoka Liwale na Nachingwea.

Naomba mikono. Nani hapa amewahi kuchoma sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango? Karibu ukumbi mzima. Nani amewahi kuweka vijiti? Wengi pia. Na kuvitoa je? Hapo mikono imepungua, na hapo ndipo pa kuanzia.

Depo-Provera mnaijua: miligramu 150 ndani ya mililita moja, maji meupe ambayo ni lazima yatikiswe. Ule weupe ni fuwele za dawa yenyewe. Haziyeyuki kwa haraka, zinakaa kwenye msuli zikiisha polepole, na humo hamna polima yoyote, yaani mnyororo mrefu wa molekuli ndogo zilizounganika. Vijiti ni habari nyingine. Jadelle ni viwili, kila kimoja kina miligramu 75 za levonojestreli ndani ya silikoni, na kazi yake ni miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, miligramu 68 za etonojestreli, miaka 3. Dawa inapenya ukutani kidogo kidogo, lakini ukuta wenyewe hauendi popote. Muda ukiisha, kijiti bado kipo, na mama lazima arudi, achanwe kidogo, kitolewe. Akiwa amehamia Tunduru? Akikuta yule mmoja aliyefundishwa kuvitoa yuko likizo?

Swali la leo, basi: je, chombo kinachobeba dawa kinaweza kufanya kazi yake, halafu kikaondoka chenyewe bila mtu kukifuata na kisu? Kinaweza, na dawa za namna hiyo zimekuwa zikitumika tangu miaka ya 1980. Ninachotaka mwondoke nacho ni kimoja: ratiba ya dawa hizi imepangwa kiwandani, ndani ya polima, na kila mkono unaoishika baada ya hapo, wa dereva, wa mtunza stoo, wa muuguzi, una uwezo wa kuivuruga.

Tuanze na ilikotoka. Mwaka 1964 Judah Folkman na David Long, wote Wamarekani, walionyesha kuwa dawa inaweza kupenya silikoni taratibu na kwa muda mrefu. Vijiti vya leo ni wajukuu wa kazi ile. Tatizo ni kwamba silikoni ilipitisha molekuli ndogo tu, na wataalamu wengi walishikilia kwamba protini, kwa ukubwa wake, haitapita kamwe. Mwaka 1976 Folkman na kijana mmoja mhandisi wa kemia, Robert Langer, walitangaza kwamba inapita. Waliyeyusha polima, wakachanganya na unga wa protini, wakakausha. Unga ukaacha ndani ya polima vijia vyembamba vilivyopindapinda, na protini ikawa inatafuta njia ya kutoka kwa wiki nyingi. Waliocheka wakanyamaza.

Polima zile bado zilikuwa zinabaki mwilini. Ile inayoondoka ilitoka upande mwingine kabisa: chumba cha upasuaji. Wauguzi wa theatre, ile Vicryl mnayoshonea ni nini? Ni polima ya asidi mbili, ya glikoliki kwa asilimia 90 na ya laktiki kwa asilimia 10. Tangu miaka ya 1970 watu wanashonwa nayo. Waliotafuta chombo cha dawa hawakuhitaji kubuni kitu kipya, walibadilisha uwiano tu. Jina lake kwa kifupi ni PLGA, na ndilo mtakaloliona kwenye karatasi za maelezo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana yote yanayofuata yanatoka hapa. PLGA ni mnyororo mrefu wa asidi hizo mbili zilizoshikana mikono. Maji yanaingia na kuikata mikono hiyo, mmoja mmoja. Vipande vinafupika hadi vinabaki asidi zenyewe, mwili unazichoma, na mwisho wake ni kaboni dioksidi na maji. Asidi ya laktiki si mgeni, misuli yako inaitengeneza ukikimbilia basi. Kazi hii haihitaji ini wala figo wala kimeng'enya maalumu. Inahitaji maji na joto tu. Ndiyo maana kasi yake haitofautiani sana kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Maji na joto tu! Na stoo zetu za Mtwara na Lindi zina nini kuanzia Novemba hadi Machi? Tutarudi hapo.

Kasi inawekwa kwa uwiano. Nusu kwa nusu, polima huisha kwa mwezi mmoja hadi miwili hivi. Laktiki ikiwa 75 na glikoliki 25, miezi 4 hadi 5. Ikiwa 85 kwa 15, miezi 5 hadi 6. Laktiki peke yake, zaidi ya mwaka. Laktiki inachelewesha kwa sababu ina tawi dogo la kaboni na haidrojeni linalofukuza maji. Urefu wa mnyororo nao unahesabika: mrefu huchelewa, mfupi huwahi.

Kwa sindano, polima hii hufanywa chembe ndogo zenye dawa ndani. Wengi hudhani chembe ya PLGA inaisha kama sabuni, kutoka nje kwenda ndani. La! Inaisha kama nguzo ya nyumba iliyoingiwa na mchwa: nje inaonekana nzima, ndani inaliwa, halafu siku moja inakaa chini. Maji hupenya chembe yote ndani ya saa au siku chache, kwa hiyo ukataji unaanza kila mahali kwa pamoja. Asidi zinazozaliwa karibu na uso hutoka na kusafishwa na majimaji ya mwili. Zile za katikati hazina pa kutokea, zinajaa, na asidi inaongeza kasi ya ukataji. Matokeo yake yanashangaza: kipande kikubwa cha PLGA kinaweza kuoza ndani haraka kuliko chembe ndogo ya polima ileile.

Kwa hiyo dawa haitoki kwa mstari ulionyooka. Kuna mlipuko wa mwanzo, siku ya kwanza, wa dawa iliyokaa usoni. Kuna kimya, ambapo polima inakatwa lakini haijaachia. Kisha kuna wimbi kubwa pale chembe inapoporomoka. Mtengenezaji mzuri hupambana asawazishe vipindi hivi vitatu. Wakati mwingine anashinda, wakati mwingine anaviacha na kumwachia muuguzi kazi ya kuziba pengo.

Mfano wa kimya hicho ni Risperdal Consta, dawa ya skizofrenia inayochomwa kila wiki 2. Chembe zake ni PLGA ya 75 kwa 25, na katika kila gramu ya chembe, miligramu 381 ni risperidoni, dawa yenyewe. Baada ya sindano ya kwanza hutoka dawa kidogo sana, halafu panakuwa kimya. Dawa ya maana huanza kutoka wiki ya 3, inaendelea wiki ya 4 hadi ya 6, na inapungua wiki ya 7. Sasa fikirieni kijana wa Mikindani. Amechomwa Jumatatu. Ndugu zake wamefurahi: "Afadhali, vidonge basi!" Wanaviacha siku ileile. Wiki ya pili kijana halali usiku, anasikia sauti, na nyumba nzima inasema sindano imeshindwa. Imeshindwa? Hapana, haijaanza. Alitakiwa aendelee na vidonge kwa wiki 3 baada ya sindano ya kwanza. Nani alitakiwa kumwambia mama yake? Sisi.

Na ujue upande wa pili. Dawa ikimletea kijana huyohuyo madhara, mwili ukakakamaa, huwezi kuitoa. Kijiti unakitoa, kidonge unakiacha, chembe zilizotawanyika kwenye msuli zitamaliza wiki zao. Ndiyo sababu mgonjwa hujaribiwa kwanza kwa vidonge vya dawa ileile kabla ya sindano. Anayeiruka hatua hii ili kuokoa muda anacheza kamari na mwili wa mtu mwingine.

Chembe zinatengenezwaje? Wadogo zangu wa maabara, hii ni yenu, wengine vumilieni. Kwa kiwango cha benchi, chukua gramu 0.5 ya PLGA, yeyusha katika mililita 5 za daiklorometheni, kiyeyushi kinachoruka upesi. Dawa, tuseme miligramu 50, iyeyushe katika mililita 0.5 ya maji. Mimina maji hayo ndani ya polima na uyapige kwa homojenaiza ya kasi kwa nusu dakika hadi dakika moja, upate matone madogo ya maji ndani ya mafuta, yaani ndani ya polima iliyoyeyushwa. Mchanganyiko huo umimine kwenye mililita 200 za maji yenye polivinili alkoholi asilimia 1, huku unakoroga. Sasa una matone ndani ya matone. Koroga saa 3 hadi 4 chini ya kabati la kuvuta hewa, daiklorometheni iruke na matone yawe chembe ngumu. Chuja, osha kwa maji mara tatu, kausha kwa kugandisha. Ukikoroga kwa nguvu chembe zinakuwa ndogo, ukikoroga pole zinakuwa kubwa. Za sindano kwa kawaida huwa kati ya mikromita 10 na 100 hivi.

Panaharibika wapi? Karibu kila mahali. Matone ya ndani yakiwa makubwa, yanaacha mashimo yaliyounganika, na mlipuko wa siku ya kwanza unaweza kutoa nusu ya dawa. Dawa inayopenda maji inakimbilia maji ya nje kabla chembe haijawa ngumu, unabaki na chembe nzuri zisizo na kitu. Dawa ya hilo ni kuongeza chumvi kwenye maji ya nje ili mvuto wa maji ulingane pande zote, na kuifanya polima iwe nzito zaidi. Daiklorometheni ikibaki, chembe zinanata, na pia ni sumu: kikomo kinachokubalika ni sehemu 600 kwa milioni. Halafu unafika kwenye kuua vijidudu. Otokilevu ya nyuzi 121? Utapata uji. Miale ya gama? Inakata minyororo, na ratiba yako inafupika. Ndiyo maana nyingi hutengenezwa katika mazingira safi tangu mwanzo hadi mwisho. Mkiuliza kwa nini sindano hizi ni ghali, jibu kubwa liko hapa, dawa yenyewe ni sehemu ndogo. Angalieni Lupron Depot ya mwezi mmoja, sindano ya saratani ya tezi dume, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989: miligramu 7.5 za leuprolidi, 1.3 za jelatini, 13.2 za manitoli, na 66.2 za polima.

Leuprolidi ni kipande kifupi cha protini, inavumilia. Protini kubwa hazivumilii asidi ile ya katikati, ambako pH inaweza kushuka hadi 3 au chini yake. Homoni ya ukuaji ilijaribiwa. Ilipata kibali Marekani mwishoni mwa 1999 kwa jina la Nutropin Depot, watoto wakawa wanachomwa mara moja au mbili kwa mwezi badala ya kila siku. Mwaka 2004 ikaondolewa sokoni. Utengenezaji ulikuwa mgumu na wa gharama mno. Ninyi mnaotaka kuandika tasnifu juu ya insulini ya mwezi mmoja, anzieni hapo.

Tufike sasa kwenye mikono yetu. Chukueni mzee wa Tandahimba mwenye saratani ya tezi dume. Amepangiwa goserelini, Zoladex. Hii si chembe, ni kijiti chembamba cha PLGA kinachosukumwa chini ya ngozi ya tumbo na hakihitaji kutolewa: miligramu 3.6 kwa siku 28, au 10.8 kwa wiki 12.

Dawa inatakiwa kuhifadhiwa pasipozidi nyuzi 25. Mtwara mchana wa Januari ni zaidi ya 30, na kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ni zaidi ya 50. PLGA kavu hulainika kwenye nyuzi 45 hadi 50 hivi. Ikishanyonya unyevu, kiwango hicho kinashuka kwa nyuzi 10 na zaidi. Polima iliyolainika na kukaa tena haina alama ya nje ya kukuambia. Kijiti kitaonekana kizima. Chembe, angalau, zitagandamana na utaona mabonge. Kwa hiyo kipimajoto kiwe ndani ya boksi la usafiri, siyo ukutani mwa ofisi ya mfamasia pekee, na feni siyo mnyororo baridi. Zile za nyuzi 2 hadi 8, kama Risperdal Consta, zisiguse pakiti za barafu moja kwa moja. Kifuko chenye kikaushio kisifunguliwe hadi mgonjwa amelala kitandani. Kukifungua asubuhi "ili kuwahi foleni" ni kuikaribisha hewa ya baharini ndani.

Kuchoma kwenyewe: ukuta wa mbele wa tumbo, chini ya usawa wa kitovu, finya ngozi, ingiza kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Usitoe hewa! Mazoea ya mkono ni kusukuma hewa kwanza, na ukifanya hivyo kijiti kinaanguka sakafuni. Hakikisha kwenye dirisha la bomba kwamba kijiti kipo kabla ya kuchoma. Usivute nyuma kama sindano ya maji; ukigusa mshipa mkubwa damu itaonekana yenyewe, na hapo unatoa, unatumia bomba jipya mahali pengine.

Na mwambieni mzee ukweli: siku za mwanzo testosteroni inapanda kabla ya kushuka, na kushuka kwake kunachukua wiki 2 hadi 4. Kama saratani imefika uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kumlemaza, ndiyo sababu daktari humtangulizia dawa ya kuzuia homoni hiyo, kama bikalutamaidi. Kisha fungueni kalenda pamoja naye. Akichomwa mwishoni mwa Agosti, wiki 12 zinaangukia Novemba. Novemba mzee wa Tandahimba yuko wapi? Yuko AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anasubiri malipo ya mnada wa korosho. Andikeni tarehe, pigeni simu wiki moja kabla, na mpeni namba mtoto wake pia.

Kwa zile za chembe, makosa ni mawili na yote yanatokana na wema. Muuguzi anaona sindano ya njano, namba 20, anamhurumia mgonjwa, anachukua ya bluu, namba 23. Tundu la njano ni milimita 0.6, la bluu ni nusu yake na zaidi kidogo. Chembe zinasongamana mdomoni, bomba linagoma, anasukuma kwa nguvu, sindano inachomoka na dozi ya wiki mbili iko ukutani. Kosa la pili: kimiminika cha kwenye kifurushi kimemwagika, anatumia maji ya sindano. Kile cha kifurushi kimewekewa vitu vya kukizidisha uzito ili chembe zielee. Kwenye maji matupu zinazama, na unachoma maji huku dawa imebaki chini ya kichupa. Toa kifurushi kwenye friji, kiache dakika 30, changanya kwa kimiminika chake, tikisa kwa nguvu sekunde 10 au zaidi, choma palepale. Ukichelewa dakika mbili, tikisa tena. Iende kwenye msuli, kamwe isiende kwenye mshipa.

Msiniambie hapa kwamba polima ndiyo jibu la kila kitu. Depo haina polima, ni rahisi, inafika hadi zahanati ya kijijini. Flufenazini ya kwenye mafuta nayo imewatunza wagonjwa wengi wa akili nchini bila chembe hata moja. Kinachofanya kazi na kinachopatikana kisidharauliwe.

Kwenye chanjo, hata hivyo, ningependa tuwe macho. Mwaka 2017 kundi la Langer huko chuo kikuu cha MIT, Marekani, lilitangaza vikombe vidogo vya PLGA, kila kimoja kikijazwa dawa na kufunikwa kifuniko cha polima hiyohiyo kwa joto. Uwiano wa polima ndio unaoamua kikombe kipasuke siku gani. Changanya vya aina tatu kwenye bomba moja na mtoto anapata dozi ya leo na marudio yake yote kwa mchomo mmoja. Bado ni kazi ya utafiti, na joto la mwili kwa wiki kadhaa linaiharibu chanjo yenyewe ndani ya kikombe. Lakini wanaofuatilia watoto ng'ambo ya Mto Mbwemkuru wakati wa masika wanajua thamani yake.

Wanafunzi, mmeomba jaribio la kufanya bila daiklorometheni. Lipo. Gramu 2 za sodiamu alginati katika mililita 100 za maji, koroga hadi iwe nzito bila mabonge, tia rangi ya chakula. Dondosha kwa bomba la sindano, tone moja moja, kwenye kalisiamu kloridi asilimia 2. Kila tone linakuwa kidonge cha jeli palepale. Yahamishie kwenye maji safi na pimeni rangi inavyotoka kila dakika 5. Itatoka upesi, kwa sababu matundu ya jeli ni makubwa kuliko molekuli ya rangi. Ongezeni muda wa kukaa kwenye kalisiamu, kausheni vidonge, linganisheni. Na tafadhali msiende kununua mwani wa wakulima wetu wa pwani kwa jaribio hili: alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia, huu wa kwetu wa kottonii na spinosamu hutoa karajinani. Ule wa kottonii hugandishwa na potasiamu, kwa hiyo atakayetaka kuutumia abadilishe chumvi.

Mabomba ya mazoezi yako meza ya kushoto, ya njano na ya bluu, pamoja na chembe za majaribio zisizo na dawa. Kila muuguzi achanganye na asukume mwenyewe kwa sindano zote mbili kabla ya chai. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.